Mishipa ya Kijana

Bakr Madi, mchonga milango wa Langoni, alikuwa mkaidi kupindukia, na watu walimpenda hivyo hivyo. Mwezi ule alikuwa na mlango mmoja tu akilini, wa nyumba ya bintiye Maram. Kwao baba ndiye ampaye binti nyumba anapoolewa, na Bakr alikwisha kuapa kwamba mlango huo hautaguswa na patasi ya mtu mwingine.

Dawa za presha alikuwa akizimeza mwaka wa tano sasa, na kila asubuhi alinung'unika kwamba zinamlegeza mikono.

Siku ya Maulidi, baada ya Alasiri, alikuwa uwanjani akicheza kirumbizi, fimbo kwa fimbo na wanaume wa umri wa wanawe. Kando ya uwanja wauguzi walikuwa wakipima watu bure. Bakr akatoka mchezoni moja kwa moja, jasho linamtiririka, akatia kidole kwenye kibanio chenye taa nyekundu. Mwanga wake ulipenya kidoleni, ukasoma mwendo wa damu na kukisia umri wa mishipa. Skrini ikaandika 39. Naye ana miaka sitini na moja!

"Ami, kaa tini robo saa nikupime tena," alisema muuguzi Shifaa, binti wa nduguye. "Na presha bado sijakupima."

"Upime nini tena? Mashine imesema."

Akarudi uwanjani akijigamba. Kesho yake akazitupa dawa. Robo saa tu ilimshinda, mtu mzima yule!

Wiki tatu alichonga kama aliyepagawa. Kichwa kilimgonga kila alfajiri, akasema ni vumbi la mbao. Maua ya nakshi yakaanza kumtokea mawili mawili, akasema ni miwani. Hakumwambia mtu.

Shifaa hakutulia. Asubuhi moja alimfuata karakanani, akamkuta ameketi kimya anakunywa maji, akambana kidole. Mashine ikaandika 74. Akamfunga kipimo cha presha mkononi: 204 kwa 118.

"Mashine yako mbovu," Bakr akasema.

"Si mbovu, Ami. Siku ile moyo ulikuwa mbio. Moyo ukenda mbio, wimbi la damu linalorudi halionekani vizuri, na mishipa migumu huonekana ya kijana. Ndoo twende hospitali, sasa hivi."

"Limebaki ua moja. Nimalize."

Shifaa alimshika bega, Bakr akamsukuma kando. Akachukua patasi, ikamponyoka. Akainama kuiokota, vidole viliigusa lakini havikufumba. Akajaribu tena, na tena.

Akataka kumsihi Shifaa asimwambie Maram. Mdomo ukaenda upande, maneno yakamvurugika, na Shifaa, asiyeelewa hata neno moja, alikuwa tayari anampigia Maram simu.