Vuta, Shemeji

Zamani mtu akitaka kuezeka nyumba aliita watu, siku hizi anapiga simu. Anakuja kijana mmoja na nyasi za plastiki zilizokatwa kiwandani, anazipigilia misumari huku ameziba masikio kwa vile vidude vya muziki, na jioni anaondoka hajasema neno na mtu. Paa limeezekwa, ndiyo. Lakini aliyeezeka hakuna anayemjua.

Paa la nyasi lilikuwa kazi ya wawili, na wawili hao hawakuonana. Mmoja alikuwa juu, amepiga goti kwenye miganda ya nyasi, mkononi ana sindano ya chuma ndefu kama mkono wake, yenye kamba ya katani. Mwingine alikuwa ndani, chini ya paa, gizani. Wa juu alidunga, wa ndani akapokea. Wa juu alikandamiza kwa goti, wa ndani akavuta kamba mpaka ufito wa paa ukalia, akaizungusha, akairudisha sindano juu. Kati yao palikuwa na nyasi nene kama paja la mtu mzima. Vuta kidogo mno na mshono unalegea. Vuta kabla goti halijakaza na umevuta bure. Kwa hiyo walipiga kelele.

Mtu tunayemzungumzia aliitwa Sindano, kwa sababu hakuna aliyemkumbuka akitembea bila yake. Wa ndani alikuwa shemeji yake, ndugu wa mkewe, na yeye watu walimwita Kelele. Mafundi hawa wakiwa kazini, mtaa mzima ulijua.

"Vuta wewe! Unaibembeleza kamba kama mchumba!"

"Nimevuta, shemeji! Huko juu umepiga goti au umelala?"

"Umevuta nini, pumzi?"

"Ukinitoboa jicho, dada yangu namrudisha kwetu leo hii, nakwambia!"

"Mrudishe na kiporo chake! Vuta!"

Wanawake waliopita na ndoo walisimama kucheka. Hakuna tusi ambalo shemeji hawezi kumtupia shemeji, na kila tusi lilikuwa na mvuto wake wa kamba. Paa walilotukanania hao wawili lilikaa miaka na miaka bila kuvuja.

Kisha mabati yakaja, yakameza nyumba moja moja mpaka Sindano akabaki anatengeneza fensi. Ilikuwa hivyo muda mrefu. Baadaye wenye pesa, ambao baba zao ndio waliokuwa wa kwanza kuyakimbilia mabati, wakagundua kwamba bati lina joto na halipendezi kwenye picha. Wakaanza kutaka nyasi kwenye baa, kwenye nyumba za wageni, kwenye vibanda vya kupumzikia nyuma ya nyumba zao. Kelele ndiye aliyekuja na wazo. Aliingia asubuhi moja, akachukua chai ya shemeji yake bila kukaribishwa, akasema, "Mzee, tumefufuka."

Wakachora kibao kwa rangi nyekundu, wakakipigilia kwenye mti uliokuwa mbele ya mlango: SINDANO NA SHEMEJI. TUNAEZEKA NA KUKARABATI MAPAA YA NYASI. Majirani walicheka. Seremala wa ng'ambo ya barabara aliuliza kama wanazika na kufukua pia. Lakini kazi zilikuja. Kwa mara ya kwanza Sindano alikuwa bwana wa kazi yake, na alipopita chini ya kibao kile aliinua macho kidogo, kama mtu anayemsalimia mkubwa.

Lakini aliye ndani ya paa ndiye anayekula vumbi. Kila sindano inapopita, vumbi la nyasi humwagika usoni mwake, na Kelele alikuwa amekula vumbi hilo tangu ujana, mdomo wazi, akitukana. Kikohozi kilianza kama mzaha. Ikafika siku Sindano akapiga kelele "Vuta!" na kutoka chini hakukuja tusi, kilikuja kikohozi tu, kirefu, na baada yake kamba ikavutwa taratibu sana. Alikufa kabla ya mvua. Kibao hawakukibadilisha. Mkewe Sindano alisema jina la ndugu yake halifutwi kwa brashi.

Sindano alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyemwita mama kwa sababu alichukua jina la bibi yake. Huyu aliolewa na karani wa duka la vifaa vya ujenzi, kijana mtaratibu, shati lililopigwa pasi, kauli laini. Mwaka aliokufa Kelele duka lile lilifungwa, na karani akahamia na mkewe na mtoto wao mchanga kwenye chumba cha uani cha baba mkwe. Ni jambo zito kwa mwanamume kulala kwa mkwe wake. Kijana alikula kidogo, akanywa maji mengi, na alitoka nyuma ya nyumba ili asipite sebuleni.

Binti ndiye aliyeomba. "Baba, mchukue. Ana mikono."

Sindano akamchukua. Wateja walisoma kibao wakamwita kijana "Shemeji", naye akaitika, kwa kuwa hakutaka kumsumbua mtu kwa maelezo. Alikuwa mwepesi kujifunza. Ufito hakuukosa hata mara moja. Tatizo lilikuwa jingine, na Sindano aliligundua siku ya kwanza, alipopiga goti, akadunga, na mdomo wake ukafunguka kwa mazoea.

Ukafungwa tena. Mkwe hatukanwi.

"Sindano imefika, baba," ilisema sauti kutoka ndani.

"Ahsante, mwanangu. Naomba uvute."

"Nimevuta, baba. Inatosha?"

Haikutosha. Kijana alivuta kama mtu anayemfungia mgeni kamba za viatu.

"Labda... kidogo tena, baba, kama haikupi taabu," mzee alisema.

"Hakuna taabu, baba."

Na kufikia hapo goti limeshahama, na pumzi imeshapita, na kamba imeshazungushwa. Siku nzima waliitana baba, baba, kama watu wawili wanaopishana mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake atangulie. Seremala wa ng'ambo alikuja kusikiliza, akaondoka. "Hii sasa ni hitima," alisema.

Kwenye vibanda vidogo haikudhuru. Halafu ikaja kazi kubwa: ukumbi wa kulia chakula wa nyumba ya wageni, paa refu, mwinamo mkali. Siku ya tatu juu ya paa lile Sindano alikanyaga safu aliyoishona asubuhi, nayo ikacheza chini ya mguu wake, kidogo tu, kama jino linaloanza kulegea. Kisha akateremka, akaenda nyumbani kabla ya wakati, akamkuta bintiye uani anafua nguo za mtoto.

"Mama," alisema, "mumeo havuti."

Binti aliacha kufua. "Umemwambia?"

"Bado. Kesho nitamwambia, na safu zile tutazifumua."

"Mbele ya watu wa pale?"

"Paa liko palepale, nitamwambia wapi?"

Akafuta povu mikononi, akaja karibu. "Baba, jana alirudi anapiga mluzi. Tangu duka lifungwe sijamsikia akipiga mluzi. Huyu analala kwenye chumba chako, anakula sahani yako. Ukimwambia kwamba na kazi yako ameiharibu, hatakaa hapa hata siku moja. Na akiondoka mimi siwezi kubaki. Unanielewa?"

Alimwelewa. Nyuma ya binti, kwenye mkeka, mjukuu alikuwa anajaribu kula kibanio cha nguo. Sindano alimtoa kibanio mdomoni, akakifuta kwenye shati, akampa tena. Kesho yake alipanda juu ya paa, akapiga goti kwa nguvu zaidi kuliko jana, akijiambia kwamba goti lake litalipa kile mkono wa mwenzake unachokopa. Goti la mzee wa umri wake!

Mvua ya kwanza ilikuja alasiri na upepo mbele yake. Upepo uliingia chini ya upenu, ukainua upande mmoja wa paa kama mtu anavyoinua blanketi kumwamsha mtoto, na safu zote zikateleza, nyasi na fito pamoja, zikaanguka mahali pa kuoshea vyombo. Mwanamke aliyekuwa anaosha sahani alivunjika bega. Liliunga vibaya. Mkono ule haukupanda tena juu ya kifua, na hakuna anayeajiri mwosha vyombo wa mkono mmoja.

Mwenye nyumba ya wageni aliwasimamisha wote wawili kwenye matope, wageni wakitazama. "Nani alikuwa ndani?" aliuliza, kwa maana naye alikuwa ameshajifunza habari za mishono.

"Kazi ni yangu," Sindano alisema. "Muulize mwenye kibao."

Kijana alisema njiani, maji yakimtiririka kwenye shati lake la pasi, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumtazama baba mkwe wake usoni.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Ningekwambiaje, mwanangu?"

"Yule marehemu ulikuwa unamwambiaje?"

Sindano alifikiri. "Nilikuwa namtukana."

"Basi ungenitukana," alisema kijana. "Ungenitukana, mimi ningevuta. Wewe umemwacha yule mama avunjike ili mimi nisione aibu. Sasa hiyo aibu niipeleke wapi?"

Ukumbi ule uliwekwa mabati ya kijani. Simu hazikuja tena. Kibao kiling'olewa, mkewe Sindano akakifanya mfuniko wa pipa la maji, maandishi yakiwa chini, yakilowa.

Mara ya mwisho Sindano kuwaona ilikuwa asubuhi, mbele ya mlango. Binti alikuwa ameshakaa mbele kwenye gari dogo la mizigo, mtoto mapajani, ameangalia mbele kwa sababu angegeuka angelia. Kijana alikuwa nyuma anafunga godoro juu ya masanduku. Alipitisha kamba, akaizungusha kwenye chuma, akavuta. Ikalegea katikati, Sindano aliiona kutoka mlangoni. Kijana naye aliiona. Akasimama na ncha ya kamba mkononi, akageuka, akamtazama mzee, akangoja.

Neno lilipanda mpaka kooni.

"Mfike salama, baba," alisema Sindano.

Kijana akainamisha kichwa. "Ahsante, baba." Akapiga fundo, akapanda, na gari likaondoka. Kwenye kona godoro likainua pembe moja, likashuka, likainua tena.