Vitabu vya Ziada

Wanafunzi wa darasa la tatu walimwita Mwalimu Kwelikweli, na jina hilo alilipata katika kipindi cha kusoma. Walikuwa wamemaliza hadithi ya sungura aliyemlaghai fisi, ya kumi na kitu mwaka ule, msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na sungura wa kwelikweli, analala wapi?"

Mwalimu aligeuka. Akatazama kabati la vitabu: sungura hakimu, sungura mfalme, sungura mwenye kofia. Wa kwelikweli hakuwemo. Hakikuwemo hata kitabu kimoja cha kumwambia mtoto wa miaka tisa dunia imekaaje.

Alipoomba vitabu vya aina hiyo ofisini, aliambiwa asubiri. Ngoja ngoja huumiza matumbo, naye hakuwa mtu wa kuumwa tumbo kwa ajili ya ofisi. Akaanza kuviandika mwenyewe.

Miaka mitatu, kila Jumamosi. Alimkalisha fundi bomba chini amweleze maji yanapandaje ghorofani. Alimfuata muuguzi mzee wa zahanati, akamuuliza kwa nini jino la mtoto hung'oka bila ugonjwa. Aliwafuata fundi redio, mfuga nyuki na mchimba visima. Kisha alikata karatasi za manila, akachora, akaandika sentensi mbili tu kila ukurasa, kwa herufi kubwa za kumfaa anayesoma kwa kidole. Mumewe, fundi cherehani, alishona migongo.

"Mke wangu, vitabu vyako vina mishono mikali kuliko suruali za wateja wangu."

"Suruali inakaliwa na mtu mmoja. Hivi vitavutwa na watoto arobaini na wanane."

"Basi niongeze uzi. Kumbe makalio ya meneja wa benki ni cha mtoto!"

Vikafika hamsini na saba. Kila kimoja kilikuwa kimoja tu duniani, hakikuwa na nakala.

Ndipo akaja mkaguzi. Alipekua kimoja, akakirudisha kwa ncha za vidole.

"Hivi si vya kiada, Mwalimu." Vya kiada ni vile vilivyoidhinishwa, ambavyo kila mtoto lazima avisome, vingine vyote, viwe vizuri vipi, huitwa vya ziada. "Viandike hivyo, visije vikachanganywa."

Mwalimu alitii. Angeandika lolote, mradi watoto wasome. Darasa lilipopakwa rangi, alivipanga vitabu ndani ya maboksi manne, akaandika ubavuni kwa kalamu nene, VITABU VYA ZIADA, akavipeleka stoo. Maktaba ya darasa ingefunguliwa Jumatatu, rangi ikishakauka. Watoto walikuwa wakihesabu siku.

Ijumaa mchana, yeye akiwa ameshaondoka, mwalimu mkuu aliamuru stoo isafishwe. "Kila cha ziada kitoke," alisema, akaingia ofisini.

Jumatatu asubuhi Mwalimu alimkuta mtunza stoo akifagia.

"Shikamoo, mzee wangu. Nimefuata maboksi yangu manne."

"Marahaba. Maboksi yapi, mwanangu?"

"Ya vitabu. Niliyaandika ubavuni."

"Aa, yale ya ziada! Yale yalitangulia kutoka. Nikasema, laiti walimu wote wangekuwa kama wewe, mtu hapati taabu ya kuuliza. Yamechukuliwa na yule wa karatasi chakavu."

Mwalimu alishika fremu ya mlango.

"Ziada ya kusoma, mzee. Si ya kutupa."

Tabasamu la mzee lilichelewa kuondoka. Lilipoondoka, ufagio ulianguka.

"Mwanangu… mimi nilisoma kilichoandikwa."

 Na mwandiko ulikuwa wa Mwalimu mwenyewe.

Alikimbia hadi kwenye yadi ya karatasi, nyuma ya soko. Kijana mwenye buti za mpira alimsikiliza kwa huruma, akamwonyesha tangi. Karatasi huloweshwa siku ileile, alieleza, zinakuwa uji, uji unakuwa trei za mayai. Alimweleza vizuri sana, hatua kwa hatua, kama mtu anayependa kazi yake. Siku nyingine Mwalimu angetoa daftari.

Aliporudi, mwalimu mkuu alimpokea langoni.

"Pole sana, Mwalimu. Tushukuru tu kwamba vya kiada viko salama. Na vile si uliviandika mwenyewe? Utaviandika tena."

"Muuguzi tulimzika mwaka jana," alisema Mwalimu. "Fundi bomba amehama, hata sijui yuko wapi."

"Basi andika vingine," akasema mwalimu mkuu, kwa upole kabisa. Upole ule ulimvunja moyo kuliko kelele.

Darasani rangi ilinukia upya. Rafu zilikuwa tupu, zimepanguswa. Watoto walikuwa wamesimama msururu kuanzia mlangoni hadi dirishani, mikono mbele, inachuruzika maji. Hakuna aliyewaambia, walikuwa wameafikiana wenyewe kwamba vitabu vipya havishikwi kwa mikono michafu.

"Tukague, Mwalimu!"

Aliwakagua. Alishika kila mkono, akaugeuza, kiganja na mgongo, kucha moja moja. Alipofika kwa mtoto wa mwisho hakujua afanye nini baada ya hapo. Akarudi mlangoni, akaanza tena na wa kwanza.