Chupa Mbili za Dorah

Dorah alizaliwa Makoko, kwa wavuvi. Utotoni, jua likishazama tu, alikuwaga anajigonga kwenye milango kwa kutoona. Nadhani ndiyo maana amekuwa mtu wa karoti. Alisoma, akaja kupanga hapa Nyasura, ukuta kwa ukuta na mimi, akiwa na mashine inayonguruma kama kiboko mwenye jino bovu.

Rangi ya karoti inalinda mwili na macho, lakini ukiila, nyingi inapita tu. Basi Dorah anaitia kwenye mafuta, mashine inayapasua mpaka matone hayaonekani, yanaingia kwenye maji kama maziwa. Hapo, anasema, mwili unaichukua vizuri.

Akataka kuhakikisha. Watoto kumi wapewe hayo maziwa, kifuniko cheupe. Kumi wengine mafuta ya karoti ya kawaida, kifuniko cheusi. Baada ya miezi mitatu damu ipimwe Musoma. Kugawa akaniachia mimi, maana wote wanapita kwangu wakienda shule.

"Bibi, usichanganye."

"We mtoto! Mimi nimechunga mamba saba ziwani, kila mmoja na jina lake."

Siku ya tatu Keraryo, wa kifuniko cheusi, akatazama kijiko cha mwenzake. "Bibi, mimi nimekosa nini?"

Nimelea watoto tisa kwenye sahani moja. Nikamimina chupa zote kwenye sufuria, nikakoroga, nikazijaza tena. Kila zilipoletwa mpya, hivyo hivyo.

Miezi ilipoisha majibu yakatoka. Damu zote sawa. Dorah akaja kukaa kwenye ndoo jikoni kwangu.

"Miaka minne, bibi. Kumbe maziwa yangu hayana tofauti na mafuta ya kawaida. Kesho naandika kwamba nimeshindwa."

"Hujashindwa. Nilichanganya."

Akacheka na machozi yake. "Na mamba walishika mwiko?"

Uongo wangu wote ukanirudia siku hiyo. Nikaleta chupa ya kifuniko cheusi, nikamimina kwenye glasi ya maji. Mafuta matupu yangeelea. Haya yalielea kidogo tu. Chini maji yakawa meupe, maziwa kabisa.

Aliitazama ile glasi mpaka chai niliyompa ikapoa. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

"Kwa nini, bibi?"

Nikamwambia swali la Keraryo. Akakusanya chupa zote, akaondoka.

Ameanza upya. Safari hii vifuniko vyote ni rangi moja, alama anaijua yeye tu, na anagawa mwenyewe. Asubuhi watoto wanapita mlangoni kwangu bila kusimama. Keraryo tu ndiye ananipungia mkono, na mimi naangalia chini.