Mtani Aliyemchukua Mama

Nilimwonea wivu binti mmoja tangu wiki ya kwanza ya masomo, na sitajitia kusema vinginevyo. Tulikuwa darasa moja la shahada ya uzamili ya biashara, Dar es Salaam. Yeye ni mmoja wa wale watu wanaochelewa kuingia na bado wanapishwa kiti. Mnyamwezi wa Tabora, mdomo kama cherehani. Mimi nilikuwa nasoma kila ukurasa wa somo la usimamizi wa chapa. Yeye akiuliza swali moja, mhadhiri anasahau hata kama kipindi kimekwisha. Na mhadhiri huyohuyo, bila kuniuliza, akatuweka pamoja kwenye kazi ya muhula.

Kazi yenyewe: tutafute bidhaa ya mahali ambapo mmoja wetu anapajua, tuipe jina, mfuko na sura ya kumfanya mnunuzi asimame. Mwenye duka mmoja alishakubali kuweka rafuni mfuko utakaoshinda. Nikawahi kusema mchele, kabla mwenzangu hajafungua kinywa. Mchele wa mama yangu, unaolimwa Mbwera, huko deltani alikozaliwa. Msimu wa kilimo anahamia kwenye dungu, kibanda cha juu ya miti katikati ya mpunga, anafukuza ndege na nguruwe. Mavuno yakiisha anarudi nyumbani kwetu Kibiti. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ambacho yule binti hana.

Sura ya mfuko nilishaipanga: mama. Nikaenda Kibiti kumwomba.

"Sura yangu?" mama akasema. "Ikapapaswe na kila anayepita dukani? Mwanangu, weye una wazimu."

Nikamweleza kuhusu imani ya mteja. Akaniuliza mteja anataka wali au anamtaka yeye. Nikaenda tena, safari hii na doti ya kanga mpya. Kanga akapokea, picha akakataa. Nami nilijua sababu. Mama hana meno ya mbele ya juu, na akicheka anaziba mdomo kwa pindo la kanga, hata mbele yetu wanawe. Miaka yote ya maisha yangu sijawahi kukiona kicheko chake chote.

Basi nikashindwa, tukakubaliana na mwenzangu twende tupige picha za mchele tu. Tulimkuta mama uani anatwanga. Akampokea mgeni kwa adabu zote, akamwuliza ni mtu wa wapi.

"Mnyamwezi, mama."

Loh! Mama akautupa mchi. "Mnyamwezi? Mtani wangu! Mlikuja pwani kubeba mizigo ya watu, mkasahau njia ya kurudi!"

"Tungerudije, na nyie Wandengereko mlikuwa hamjui hata kujitwika?"

Ikawa ndiyo hivyo. Yule binti akaingia jikoni kwetu bila hodi, akafunua sufuria, akala ukoko kwa mkono. Akakalia mbuzi ya kukunia nazi, akasema hainuki mpaka apewe mume. Mama akamtukana matusi ambayo sikujua kama anayajua, na uso unamng'aa. Nami nimesimama mlangoni na mfuko wangu wa kamera, utadhani miye ndiye mgeni.

Kisha binti akainua simu. "Mtani, cheka nikuone meno."

"Sina!"

"Ndiyo nataka kuyaona hayo usiyonayo!"

Mama akaiachia kanga. Akacheka kichwa nyuma, mdomo wazi, machozi yanamtoka, na simu ikalia kacha!

"Nimekukamata! Sura hii sasa yangu, naenda kuiuza Dar."

"Haya chukua," mama akasema huku akijifuta macho. "Mtani hakataliwi."

Jamani, niliumia. Niliumia mpaka chakula kikanishinda, nikasema tumbo linaniuma. Mama yangu mwenyewe! Njia nzima ya kurudi yule binti alilala fofofo begani kwangu, na mimi namtazama tu. Darasani mhadhiri alipoiona ile picha akasimama. "Hii ndiyo sura ya mchele," akasema, akamwuliza ameipataje. Binti akajibu, "Tulicheka tu." Ningeweza kummeza mzimamzima.

Picha tukamkabidhi mchapaji. Kabla mifuko haijatoka, mama akanipigia simu.

"Mbona hukunikomboa?"

Kwetu mtani akishika kitu chako, wewe mwenyewe huruhusiwi kununa wala kumnyang'anya. Ndugu yako ndiye anayekuja kukikomboa, kwa kuku, kwa mchele, kwa chochote watakachoelewana.

"Nilikuwa nakutazama weye," mama akasema. "Umenuna mlangoni kama mtu aliyeletewa mke mwenza. Sitaki pengo langu likakae dukani, mwanangu. Nikomboe."

Sikuona huruma kwanza. Nilifurahi. Nilifurahi kwamba yule binti atanyang'anywa, na atakayemnyang'anya ni mimi.

Nikanunua jogoo sokoni, nikampelekea bwenini, amefungwa miguu. Hakuuliza kitu, Mnyamwezi hafundishwi utani. Alicheka mpaka akakaa chini. "Jogoo mmoja kwa mama mzima? Umemdharau mama yako!" Nikaongeza mchele. Akampigia mchapaji palepale, akasimamisha kazi. Picha akanitumia, yake akaifuta mbele yangu. Nilingoja anune kidogo, hakununa. Akaniuliza tu kama mama hajambo, na hilo nalo likanichoma. Mfuko wetu ukatoka na picha ya dungu, na mwenye duka akachagua asali ya watu wengine.

Nikaenda Kibiti na picha kwenye simu. Mama akaitazama kwa muda.

"Futa," akasema.

Nikaifuta, akiona. Akanishukuru, akaniombea dua. Tukakaa barazani, mimi na yeye tu, na nikasema moyoni leo ni leo. Nikamhadithia jinsi jogoo alivyowika bwenini, wasichana wakatoka mbio na taulo. Nikaigiza kuwika. Nikamchokoza kwamba Mnyamwezi kamthaminisha kwa jogoo na mchele, naye kwa uzee wake hata kuku mmoja ni bei kubwa mno. Nilijitahidi, Mungu anajua.

Mama akatabasamu, mdomo umefungwa. Akanipapasa goti kama anavyowapapasa watoto wa majirani. Halafu akageukia njia ya kutoka barabarani.

"Na mtani wangu umemwacha wapi?" akauliza. "Mwambie aje, nyumba imepoa."