Adolfu, Mwonja Uyoga wa Kijiji

Kaka yangu Adolfu alichaguliwa kuwa mwonja uyoga kwa sababu hakuwa na mke. Ndivyo mkutano wa kijiji ulivyoamua, mwaka ule wa Operesheni Vijiji tulipohamishiwa huku upande wa Namanyere, penye msitu wenye uyoga ambao hata bibi zetu hawakuujua. Akifa, walisema, hakuna atakayebaki mjane. Mimi dada yake nilinyoosha mkono kupinga, nikaambiwa kura zimeshahesabiwa.

Basi masika yakiingia, Adolfu anakula, kijiji kizima kinangoja. Asubuhi watu walijaa mlangoni. "Umeamkaje, Adolfu?" Sijapata kusikia salamu inayotoka moyoni namna ile. Kisha Mama Bertilla, mkunga wetu, akakumbusha kwamba upo uyoga unaokuacha uamke mzima, ucheke na watu, halafu unakuua baada ya siku kadhaa. Mkutano ukaongeza muda wa kungoja. Muda ulipokwisha, kaka mzima wa afya, uyoga wote umeozea vikapuni. Kwa misimu miwili aliyekula uyoga kijijini ni yeye peke yake, akanenepa.

Alipomchumbia Silvana, binti wa mzee Zenon, alijibiwa waziwazi. "Mimi siolewi na mtu ambaye kila masika tunangoja kama atakufa."

Adolfu akapanda baiskeli hadi kwenye mahame yetu, akarudi na gogo bovu linaloota uyoga tuliokuwa tukiula tangu utoto. Akaliweka kivulini nyuma ya nyumba, akalifunika nyasi, akalimwagia maji kila jioni. Watu wakasema kapagawa, anaogesha gogo. Lakini lilichipua, tena sana, akagawia kila kaya. Uyoga wa porini tukauacha huko huko porini. Mkutano ukafuta cheo chake kwa makofi, na Silvana akakubali.

Siku ya harusi nilipika mwenyewe ugali wa ulezi na uyoga wa gogo lile. Wageni wakanawa, wakakaa, wakamkodolea macho Adolfu. Majumbani mwao walikuwa wanaula bila wasiwasi, ila mbele yake mikono ilikataa. Akala tonge. Wakazidi kumtazama, na mwenyekiti Clemens akauliza kwa upole kama chakula kiwekwe mpaka Jumatatu. Nilitaka kummwagia sufuria kichwani.

Adolfu akainama. Niliona aibu yake na iliniuma. Ndipo bibi harusi akavuta sahani ya mumewe, akala, akala tena, mpaka ikabaki tupu.

"Haya," alisema, "sasa tungojeni wawili."