Nyumba Iliyosubiri Barabara

Harufu ya rangi ya mafuta ikinipata popote, namwona mpimaji ardhi amechuchumaa mbele ya nyumba yetu, kati ya Minjila na Garsen, akichora alama nyekundu ya X kwenye ukuta wa udongo. Alikuwa mtu mpole. Aliomba maji, akayanywa, akamweleza mama kwamba barabara ya lami itapita pale tulipolala, kwamba tutafidiwa na kupewa nafasi ya kuhama, na kwamba tangu siku hiyo tusiongeze wala kutengeneza chochote. Kisha akaenda zake na wenzake, na ile harufu ikabaki nasi siku kadhaa, imechanganyika na moshi wa jikoni. Mimi nilifurahi. Nilidhani magari yangefika kabla mahindi yetu hayajakomaa.

Kila kiangazi kilipokaribia kwisha tulikuwa na desturi ya kukandika kuta upya, ili masika yatukute tayari. Mwaka ule baba alikataa. Aliiheshimu serikali kiasi cha kuvaa shati la kanisani kwenda barazani kwa chifu. Lakini mama alikuwa mjamzito, mtoto alitarajiwa mvua zikianza, na ukuta wa chumba chake ulikuwa umepasuka hadi fito zikaonekana. Jirani yetu Habiba, mfugaji wa Kiorma aliyetuletea maziwa na kuondoka na mahindi, alisimama mbele ya ile alama akacheka.

"Mama Rehema, nyumba yako imeposwa na serikali. Sasa bwana harusi yuko wapi?"

"Bado anatafuta viatu," mama akajibu.

Baba hakucheka. "Alama ya serikali haiguswi."

"Basi serikali ije ilale upande huu na mtoto mchanga," mama akasema. Baba akachukua jembe lake akaenda shambani.

Mawingu ya kwanza yalipotanda, bonge la udongo liliporomoka kutoka ukutani likaangukia kitanda cha mama. Hakusubiri tena. Habiba alileta samadi ya ng'ombe, mimi nikakanyaga udongo hadi ukalainika kama ugali, na mama akakandika nyumba nzima isipokuwa pale penye alama. Aliizungushia udongo mpya kwa uangalifu, X ikabaki katikati kama picha iliyotiwa fremu. Baba aliporudi alizunguka nyumba polepole, akainama, akaichunguza.

"Hamkuigusa."

"Hatukuigusa, Baba Rehema."

Akatua jembe, akakunja mikono ya shati, akaanza kukandika sehemu ya juu ambayo mama hakuifikia. Mdogo wangu Komora alizaliwa mvua ikinyesha kwa nguvu, ndani ya chumba kikavu. Wapimaji hawakurudi masika yale, wala yaliyofuata.

Lami ilifika mimi nikiwa na watoto wangu, na ilipita mbali, kwenye mwinuko. Sasa naelewa mengi ambayo baba hakuelezwa. Wapimaji walikuja kiangazi, wakaliona bonde likiwa kavu. Mafuriko yakaja yakafunika vigingi vyao. Udongo wetu mweusi huvimba kwa maji na kupasuka kwa jua, na barabara isiyotengenezewa msingi wa kuuhimili hukatika upesi. Michoro ikirudiwa, gharama hubadilika. Gharama zikibadilika, bajeti ya mwaka imeshapita na zabuni hutangazwa upya. Hapo hapo yuko mkulima mwenye shamba na mfugaji mwenye njia ya ng'ombe kwenda mtoni, na wote wawili lazima wasikilizwe. Si uvivu wote huo. Mwingi ni kazi yenyewe. Ninalolaumu ni moja tu: hakuna aliyerudi kutuambia kwamba tunaweza kukandika.

Juzi vijana wenye vifaa vya kisasa walifika kwa Komora, ambaye sasa ana mvi na anajenga nyumba ya matofali kwa ajili ya wajukuu. Barabara huenda ikapanuliwa, walisema. Akawauliza lini.

"Bado ni upembuzi yakinifu, mzee. Hatuwezi kusema."

Komora aliwashukuru, akawapa maji ya kunywa, akawasindikiza hadi kwenye gari lao. Kisha akamgeukia fundi aliyekuwa ameshikilia sepetu kando ya mchanga na saruji, akimsubiri.

"Koroga," akamwambia.