Kapteni wa Daraja la Pili

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alifanya kazi ya kusoma mita za maji kwa miaka thelathini na moja, na nina hakika hata nusu ya mita hizo hakuzisoma. Alikuwa anasimama getini, anatazama nguo zilizoanikwa kwenye kamba, kisha anaandika namba. Nguo nyingi, maji mengi. Hata mita ya nyumbani kwetu aliikadiria hivyo hivyo. Mwezi mmoja tulisafiri wote, tukarudi tukakuta ametuandikia maji ya kutosha harusi mbili.

"Shemeji," nilimwambia, "hatukuwepo mwezi mzima."

"Basi mwezi huu mtaoga bure," akanijibu, akacheka peke yake.

Alipostaafu alinunua baiskeli ya njia za changarawe. Ilikuwa na matairi mapana yenye meno, usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, na gia nyingi kuliko anazohitaji mtu mwenye miguu miwili tu. Alinunua na mavazi yake. Sitaki kuyaeleza sana. Nitasema tu kwamba ni mtu wa miaka sitini na miwili mwenye tumbo linalomtangulia, na kitambaa kile hakikubakiza siri yoyote ya familia. Mara ya kwanza alipopita nyumbani kwangu na bukta ile nilikuwa na mgeni sebuleni, nikamwomba mgeni ahamie kiti cha upande wa pili.

Cheo cha Kapteni alijipa mwenyewe. Watu walikikubali kwa sababu kumwita hivyo kulikuwa kwepesi kuliko kubishana naye.

Kila Jumamosi asubuhi Kapteni alishuka bondeni. Ukitoka mjini unavuka daraja la kwanza, unaingia kwenye mashamba ya mizabibu yaliyotandazwa pande zote mbili za mto, tambarare kama meza. Mbele kuna daraja la pili. Ukilivuka hilo, njia ya changarawe inaanza kupanda vilima vya msitu, kona kumi na nne hadi juu. Njia hiyo aliijenga mume wangu, aliyekuwa msimamizi wa ujenzi wa barabara. Ilimchukua miaka miwili, na mimi nilikuwa nampelekea chakula cha mchana. Miaka ishirini na sita imepita na hakuna kalvati lake hata moja lililobomoka. Familia yetu haina mali ya kuringia. Ina njia ile.

Baada ya muda wa saa tatu Kapteni alirudi na tope hadi masikioni.

"Leo nimeipanda ya kaka kwa dakika arobaini!" alitangaza dukani, kinyozini, popote palipokuwa na masikio.

Mimi nililitazama lile tope. Udongo wa vilimani ni mwekundu. Tope la Kapteni lilikuwa jeusi, la ukingoni mwa mto, na mgongoni lilikuwa na alama za vidole. Haikupita muda, mama anayeuza chai karibu na daraja la pili akanieleza yote. Shemeji yangu anafika pale, anakunywa vikombe viwili, analala kwenye benchi lake, akiamka anashuka mtoni kujipaka tope kama fundi anayepiga lipu.

"Utakuwa umemwona mtu mwingine," nilimwambia.

"Mwingine, mama? Mwenye bukta ile?"

"Siku hizi ziko nyingi."

Nilidanganya, nakiri. Jina la ukoo analotumia yeye ndilo ninalotumia mimi, na aibu haichagui nani ameileta nyumbani.

Mwaka huu kamati ya waendesha baiskeli wa bonde ilitaka safari yake kubwa ipande hadi vilimani. Mwenyekiti wake ni daktari wa meno, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini ambaye ukizungumza naye anakutazama mdomoni. Nilimwandikia barua ya kurasa mbili nikipendekeza kwamba mpando ule uitwe kwa jina la mume wangu. Alijibu kwamba watafanya safari moja ya majaribio. Wakiridhika kuwa njia ni nzuri na mgeni hawezi kupotea, bango lenye jina lake litasimamishwa kileleni. Chini aliongeza kuwa wamemwomba Kapteni aongoze na aweke alama, kwa kuwa mji mzima unajua anaipanda kila wiki.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nilichukua pazia kuukuu jekundu, nikalikata vipande, nikampa.

"Vifunge kwenye nguzo au kwenye miti mikubwa," nilimwambia.

"Shemeji, unanifundisha mimi njia?"

Siku yenyewe nilipanda pikapu ya maji ya kunywa. Aliyeendesha ni mume wa daktari, mtu mpole anayetafuna karanga bila kupumzika. Waendeshaji walikuwa sita, Kapteni mbele, kifua nje, tumbo nje zaidi. Tulivuka daraja la kwanza vizuri. Tukafika kwenye mizabibu, ambayo wakati huo wa mwaka haina majani, na vijia vyote vinafanana. Kijia cha kwanza hakikuwa na alama. Cha pili hakikuwa nayo. Nilimwona Kapteni akigeuza shingo kushoto na kulia kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ndipo daktari akanyoosha mkono. "Kapteni, alama zako zile kule!"

Kweli, mbali kati ya mizabibu vitambaa vyekundu vilikuwa vinapepea. Tena vilikuwa vinakwenda. Mimi niliona vinakwenda, na Kapteni aliona pia. Mtu mwingine yeyote angesema, "Ngojeni, mimi sikuzifunga kule." Kapteni alikaza kofia yake.

"Ndiyo," alisema. "Nimefupisha njia kidogo."

Tukavifuata. Vitambaa vikikata kulia, Kapteni anakata kulia. Viliposimama, na yeye alisimama, akatangaza kwamba tunyooshe miguu. Vilipoanza kwenda tena, akapiga kengele. "Twendeni, tusilale!"

Dereva wangu aliacha kutafuna. "Mama, hizi alama zinatembea?"

"Wewe endesha."

Zilitufikisha ndani ya uwanja wa mwenye shamba. Pale lilisimama trekta na trela lake, na ndani ya trela kulikuwa na mizabibu kumi na mmoja iliyong'olewa na mizizi yake, kila mmoja umevaa pazia langu shingoni.

Katika mashamba yale kitambaa chekundu kwenye mzabibu kina maana moja tu: huu ni mgonjwa, ung'olewe. Nyapara huvifunga majani yakiwa bado mtini na ugonjwa unaonekana. Msimu wa kupogoa ukifika, wafanyakazi wanapita alfajiri na trekta na mnyororo, wanang'oa kila kilichofungwa bila kuuliza. Kila anayepita bondeni anajua jambo hilo, isipokuwa mtu aliyepita pale miaka minne akiwa na haraka ya kufika kwenye benchi. Nguzo zingemlazimu kushuka kwenye baiskeli. Mizabibu ilikuwa kimo cha mkono wake akiwa juu ya kiti.

Nyapara, mtu mkubwa mwenye mkasi wa kupogolea kiunoni, alikuwa ameshika mzizi anaunusa. "Mzima huu," alisema. "Una miaka kumi na tisa, haujawahi hata kukohoa. Nani kavifunga hivi?"

Kapteni akanyoosha kidole kwenye pikapu.

"Kitambaa ni cha shemeji. Mimi nilipewa tu."

Nikashuka. "Pazia ni langu," nilimwambia nyapara. "Mikono ni yake."

"Mimi nilidhani…"

"Ulidhani nini, mzee?" nyapara akamkatiza. "Kwamba tumeipamba kwa sikukuu?"

Wafanyakazi wakacheka. Mama wa chai, aliyekuwa amewaletea birika, alicheka kuliko wote.

Daktari wa meno hakucheka. Alinisogelea akaniuliza kwa ile sauti yake ya chini, "Mama, Kapteni amewahi kuvuka daraja la pili?"

Nilijua uzito wa swali. Kwenye kona ya tisa njia inagawanyika matawi mawili, na tawi la kulia linateremka hadi kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Ningesema ndiyo, Kapteni angewapeleka machimboni, na daktari angeandika kwamba njia ya mume wangu inapoteza watu. Bango lisingekuwepo tena. Nikisema hapana, namvua nguo ndugu wa mume wangu mbele ya madereva wa trekta, ingawa, Mungu anisamehe, hakuwa amebakiza nyingi za kuvuliwa.

"Shemeji," Kapteni akaniita polepole.

"Hajawahi," nilisema. "Hata siku moja. Lile tope ni la mtoni."

"Si nilisema mimi!" mama wa chai akapiga kelele. "Nikaambiwa bukta ziko nyingi!"

Hilo nililistahili.

"Basi huyu anabaki," nyapara akasema. "Kuna mashimo kumi na moja ya kuchimbwa upya, na miche ya kupandwa. Jembe lile pale, Kapteni."

Daktari akavaa glavu zake. "Na njia anaijua nani?"

"Mimi," nilisema, nikarudi kwenye pikapu.

Tulitangulia polepole, wao wakatufuata. Kwenye kila kalvati nilitoa mkono dirishani nikalionyesha. Kona ya tisa tulishika kushoto. Walipofika juu walikuwa wanahema, jasho likiwachuruzika hadi kwenye viatu, na daktari akasimama anatazama chini, mto na mizabibu na njia yote iliyojikunja msituni.

"Hakuna shimo hata moja," alisema. "Tuandike vipi kwenye bango? Jina la ukoo linatosha?"

"Halitoshi," nilimjibu. "Andikeni majina yake yote matatu."

Tuliporudi tulimkuta Kapteni kwenye shimo la nne, bukta imejaa udongo ambao safari hii hakujipaka mwenyewe. Wafanyakazi walikuwa wamekaa juu ya kreti wanakunywa chai na kumhesabia majembe. Alisimama, akajifuta uso.

"Mmefika juu?"

"Tumefika."

Akaegemea mpini, hatazami mtu. "Ikoje, shemeji? Njia ya kaka."

"Panda ukaione," nikamwambia.